Ukijitoa Chamani, Makato Hayajitoi

Mei Mosi ikikaribia, kiwandani kwetu maneno ni yaleyale: chama cha wafanyakazi kinatukata kila mwezi, tunachoambulia ni fulana na kofia. Safari hii vijana wa idara ya ufumaji wanataka kujitoa. Sawa, jitoeni, ila mjue mnachokifanya.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inakiruhusu chama chenye wanachama wengi kufunga mkataba na mwajiri ili hata wasio wanachama wakatwe ada ya uwakala, yaani malipo ya kuwakilishwa na chama. Kwetu mkataba huo upo. Kwa hiyo ukijitoa, hela inakwenda kulekule. Unachopoteza ni kura. Kiongozi mbovu atakushukuru sana: unalalamika, unalipa, na huruhusiwi kunyoosha mkono kikaoni.

Wapo wanaokiona chama kama ofisi ya serikali, wala siwashangai. Mwaka 1964, baada ya maasi ya wanajeshi, TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi Tanganyika, ilivunjwa ikaundwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi, na Waziri wa Kazi, Michael Kamaliza, akawa ndiye Katibu Mkuu wake. Hebu fikiria! Mfumo huo ulishakufa, lakini mazoea ya kusubiri kuletewa bado tunayo.

Mimi nasema jaza TUF 6, fomu ya kumruhusu mwajiri akukate ada ya uanachama, halafu anza kusumbua. Usianze na hotuba. Mkutano wetu wa tawi hufanyika kantini baada ya shifti ya asubuhi. Mambo ya fedha husukumwa kwenye "mengineyo", na yakifikiwa, basi la wafanyakazi limeshawashwa, nusu ya watu wanagombea siti. Mwenyekiti anafunga kwa dua. Dawa yake ni barua kwa katibu wa tawi kabla ya kikao, yenye sahihi za wenzako, ikitaka mapato na matumizi yajadiliwe mwanzoni. Sheria hiyohiyo inataka hesabu za chama zikaguliwe, na mwanachama ana haki ya kuziona ofisini. Utaitwa mchochezi, au utaambiwa umetumwa na mwajiri. Zoea.

Wengine wanasema heri tuanzishe chama chetu. Inawezekana, wafanyakazi 20 wanatosha. Tatizo ni kwamba kwenye majadiliano ya mishahara mwajiri hukaa na chama chenye wengi, yaani kile cha zamani, nanyi mtakuwa nje na chama chenu kipya, mkikatwa uwakala.