Unataka kujua kuchora sura? Nunua kioo

Juzi kuna dogo kaniuliza anataka kujifunza kuchora sura za watu kwa rangi, aanzie wapi, nikamwambia nunua kioo. Akacheka, akajua namzingua. Wala sikuwa namzingua.

Mi nilianza kama wengi, unachukua picha ya staa kwenye simu, unapiga gridi, yaani mistari ya viboksi juu ya picha na kwenye karatasi, unahamisha kiboksi kwa kiboksi. Leo msanii, kesho mchezaji mpira, keshokutwa Nyerere (hivi kuna mchoraji Bongo hajamchora Nyerere?). Miezi minne sikuruka hata siku, na watu wanasifia kwelikweli. Sasa siku hiyo mama akasema na yeye nimchore, kakaa kwenye kigoda anachambua mchele, hana gridi na hatulii. Nikapambana nusu saa. Akainuka kuja kuangalia, akanyamaza kidogo, afu akauliza, "Mwanangu, huyu si bibi yako marehemu?"

Yaani miezi yote ile nilikuwa najifunza kunakili viboksi, uso wa mtu sijawahi kuuangalia.

Ndo nikatundika kioo pembeni ya dirisha, kila asubuhi kabla ya kwenda kwenye mihangaiko dakika 30 najichora mwenyewe, sura ile ile, kioo kile kile. Wiki ya kwanza inaboa, sikufichi. Ila kuanzia ya pili makosa yanaanza kujirudia na likijirudia ndo unalikamata. La kwangu lilikuwa macho, nilikuwa nayapandisha juu kama yanataka kuingia kwenye nywele, wakati ukipima na penseli unakuta yapo karibu katikati kabisa ya kichwa, kutoka utosini mpaka kidevuni. Ningekuwa nachora mtu mpya kila siku ningesingizia tu kwamba jamaa ana kichwa cha ajabu.

Na hili la kioo si mimi wa kwanza kulifanya. Van Gogh, yule mchoraji wa Uholanzi, hela ya kumlipa mtu akae achorwe hakuwa nayo, mwaka 1888 akamwandikia mdogo wake Theo kwamba kanunua kioo makusudi ili ajichore. Kati ya 1886 na 1889 kajichora kama mara 35 hivi.

Rangi sasa, hapo ndo nilipoteseka. Kichwani nimeshajiwekea ngozi yangu ni kahawia, kwa hiyo nakamua tyubu ya kahawia, penye mwanga natia nyeupe, penye kivuli natia nyeusi, inatoka sura ina mpauko kama mtu aliyeoga akasahau kujipaka mafuta. Mpaka asubuhi moja nikatulia nikaangalia. Kwenye paji la uso pale panapong'aa palikuwa na bluu kabisa, ya mbingu inayoingia dirishani, na chini ya taya kuna ukijani kwa mbali maana ukuta wetu umepakwa kijani na ulikuwa unanirudishia rangi yake. Nyeusi nikaiweka pembeni, kivuli nikakitengeneza kwa kahawia na bluu na tone la nyekundu, na uso ukaanza kupumua. Picha ya simu isingenionyesha hiyo, simu kivuli inakigeuza shimo jeusi tu. (Ukitumia akriliki, zile rangi za kuchanganya na maji zinazokauka haraka, kwa joto hili la Dar weka kitambaa kibichi chini ya rangi zako, la sivyo zinakauka kabla hujapata unachotafuta.)

Wanaochora mastaa wanauza, sigombani nao, na mi nikiletewa oda ya picha ya harusi natoa kwenye simu kama kawaida, kodi hailipwi na kioo. Nazungumzia kujifunza tu.

Mama nilimchora tena mwezi uliopita. Safari hii kajitambua, ila anasema pua nimemuonea. Nimeipima mara tatu, pua ni ile ile.