Ernst May: jiko la Frankfurt na kilima cha Naguru

Nimekulia nyumba ya kupanga, vyumba sita familia sita, na jiko letu lilikuwa koridoni. Kila mlango ulikuwa na jiko lake la mkaa. Mvua ikinyesha, moshi wote unageukia ndani, na mama anapika amechuchumaa huku akiwafukuza watoto wa watu wasije wakapiga teke sufuria. Mara ya kwanza nilipoona picha ya jiko la Frankfurt, nilimfikiria yeye kabla sijamfikiria msanifu yeyote.

Jiko lenyewe ni chumba kidogo: upana kama mita 1.9, urefu kama mita 3.4. Lilibuniwa mwaka 1926 na Margarete Schütte-Lihotzky, msanifu majengo kutoka Vienna aliyekuwa ameajiriwa kwenye ofisi ya Ernst May, msanifu mkuu wa jiji la Frankfurt, Ujerumani. Bibi huyu alipima hatua anazopiga mpishi kutoka kwenye moto hadi kwenye sinki, akajifunza hata namna wapishi wa treni wanavyojipanga ndani ya behewa la chakula. Meza ya kukatia aliiweka dirishani, ili mwanga uangukie mikononi mwa mpishi. Mbele yake kuna kigoda cha kuzunguka, maana hakuna sababu ya mtu kumenya viazi amesimama. Kuna droo ndogo za alumini zenye mkono na mdomo wa kumiminia, hii ya sukari, hii ya mchele. Droo ya unga ni ya mbao ya mwaloni, kwa kuwa mti huo una kemikali inayowakimbiza wadudu. Hata ile rangi yake ya buluu ilichaguliwa kwa kuwa iliaminika nzi hawaipendi. Majiko kama hayo yapatayo 10,000 yalifungwa katika nyumba za watu wa kawaida.

Wapo wanaolilaumu, wakisema halitoshi watu wawili, kwa hiyo lilimfungia mama peke yake ukutani. Kwetu, ambako pilau la shughuli hupikwa na wanawake kumi, naielewa lawama hiyo. Lakini fikiria uzito wa jambo lenyewe: ofisi ya jiji, yenye mihuri na mafaili, ilikaa chini kujadili wadudu wa unga wa mama mmoja mpangaji.

Tena jiko lilikuwa sehemu ndogo tu ya kazi. May alizaliwa Frankfurt mwaka 1886, akajifunza mipango miji Uingereza chini ya Raymond Unwin, kisha akajenga nyumba za vijijini huko Silesia, jimbo la Ujerumani wakati huo. Mwaka 1925 meya Ludwig Landmann alimwita nyumbani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza watu walikuwa wamebanana kwenye vyumba vibovu, na Landmann alimpa May kitu ambacho wasanifu wetu wengi wa halmashauri hawajawahi kukionja: ardhi, ramani, ujenzi na bustani, vyote chini ya mkono mmoja. Fedha nyingi zilitoka kwenye kodi iliyoanzishwa mwaka 1924. Mfumuko wa bei ulikuwa umeyafuta madeni ya wenye nyumba za zamani, wakabaki na mali bila mzigo. Serikali ikasema, basi, sehemu ya neema hiyo ikajenge nyumba za wasio nazo. Kodi ya haki kuliko hiyo siijui.

Kwa miaka mitano zilisimama nyumba zipatazo 12,000. Milango na vitasa vilifuata kipimo kimoja ili gharama ishuke. Huko Praunheim, mmoja wa mitaa hiyo mipya, kuta zilimiminwa kiwandani vipande vipande, kisha zikapandishwa kwa kreni. Mtaa wa Römerstadt, wenye nyumba kama 1,200, ulipangwa kufuata mkunjo wa bonde la mto Nidda, na vibustani vya mboga vikashushwa kuelekea mtoni. Nyumba zote za mtaa huo zilitumia umeme, hadi jikoni.

Römerstadt haikumfikia kila aliyekusudiwa. Kodi ya pango ilikuwa juu, na wengi walioingia walikuwa makarani na watumishi wa ofisini, wakati mfanyakazi wa kiwandani aliishia kuzitazama kwa mbali. Hadithi hiyo tunaijua vizuri, sisi ambao tumeona nyumba za "gharama nafuu" zikinunuliwa na watu wenye magari mawili. May aliliona tatizo hilo. Nyumba zilizofuata, kama za Westhausen, zilikuwa ndogo zaidi, na mwaka 1929 wasanifu kutoka nchi nyingi walikutana Frankfurt kujadili swali moja: nyumba ya mtu mwenye kipato cha chini kabisa iwe na nini ndipo iitwe nyumba?

Mwaka 1930 fedha zilikauka na siasa zikageuka. May alichukua kikosi chake akaenda Urusi ya Kisovyeti kupanga miji ya viwanda, Magnitogorsk ukiwamo, akakuta mabishano mengi kuliko saruji. Alipoondoka mwaka 1933, Ujerumani ilikuwa mikononi mwa Hitler, na mtu kama yeye, mwenye asili ya Kiyahudi kwa sehemu, hakuwa na pa kurudi. Landmann, aliyekuwa Myahudi kwa kuzaliwa, aliondolewa umeya na akafa mafichoni Uholanzi mwaka 1945.

May alikuja kwetu. Mwaka 1934 alifika Tanganyika, akawa mkulima karibu na Arusha. Baadaye alihamia Nairobi na kufungua ofisi. Vita vilipoanza Waingereza walimweka kizuizini Afrika Kusini kwa sababu ni Mjerumani, ingawa hao Wanazi walikuwa wamemfungia mlango. Alipotoka akapewa kazi ya kupanga upanuzi wa Kampala, na mpango wake ukachapishwa mwaka 1947.

Hapa ndipo moyo wangu unapouma. Mpango ule uliigawa Kampala kwa rangi: Kololo kwa Wazungu na Waasia, upande wa Naguru kwa Waafrika, na bonde la kijani katikati. Najua alikuwa ameajiriwa na serikali ya kikoloni, na najua wakati ule wengi waliona hivyo ndivyo mambo yalivyo. Lakini huyu alikuwa ameyaonja. Alijua ni nini kuambiwa na serikali kwamba damu yako haifai kukaa mahali fulani. Akashika kalamu, akamwambia hivyo Mganda kwenye vilima vya kwao.

Sikubaliani na wanaosema alikuja Afrika akasahau ufundi wake. Mistari yake ilifuata miinuko ya vilima vizuri tu, kama ilivyofuata bonde la Nidda. Tofauti naiona kwa aliyemtuma. Frankfurt alikuwa na meya aliyemhesabu mpangaji kuwa ni raia, na nyuma ya meya kulikuwa na wapiga kura. Kampala alikuwa na gavana, na mtu wa Naguru hakuwa na wa kumpigia kura. Ndiyo maana nakereka ninaposikia kwamba miji yetu inahitaji "wataalamu" tu. Mtaalamu tulimpata, tena wa kiwango cha dunia, na tukagawiwa vilima kwa rangi za ngozi.

Aliacha pia majengo ninayoyapenda. Alisanifu kituo cha utamaduni cha Wachagga pale Moshi, hoteli ya Oceanic Mombasa, na Makumbusho ya Uganda yaliyopata jengo lao mwaka 1954, mwaka uleule aliorudi Ujerumani kufanya kazi Hamburg. Huko ndiko alikofia mwaka 1970.

Nilipita kwenye makumbusho hayo siku moja ya jua kali. Ndani kulikuwa na mwanga na hewa, na mchana ule sikuona haja ya feni. Watoto wa shule walikuwa wamezunguka ngoma, mwalimu akiwazuia kugusa, nao wakigusa. Niliketi pembeni karibu saa nzima. Halafu nikachukua bodaboda na kumwomba anipitishe Kololo kwanza, kwenye uwanja ambako bendera ya Uganda ilipandishwa tarehe 9 Oktoba 1962, kwenye kilima ambacho ramani ya 1947 ilikuwa imewapangia wengine. Kisha tukashuka bondeni kuelekea Naguru. Bonde tulilivuka kwa dakika chache tu.