Baba, Gari Lako Linalia

Mama mkwe wangu ni mtu wa Marangu, mzee wa kanisa, na maji yanayoanguka si kitu kigeni kwake. Maporomoko ya Kinukamori yako jirani kabisa, hata hawezi kukumbuka mara ya mwisho alipoyatazama. Kwa hiyo alipokuja kututembelea Mississauga, huku Kanada, nami nikatangaza kwa mbwembwe kwamba Jumamosi nampeleka Niagara, aliuliza swali moja tu.

"Huko yanaanguka kwenda juu?"

Jumamosi yenyewe mvua ilianza alfajiri, ile mvua isiyo na haraka ya kwenda popote. Mke wangu akasema tuahirishe. Nikasema tiketi za boti nimeshalipia. Tukaondoka na magari mawili: mimi na mama tukapanda langu, mke wangu na watoto wakapanda la shemeji.

Tulipofika tukasimama ukingoni tukatazama weupe. Ukungu ulikuwa umefunika kila kitu. Ngurumo unaisikia mpaka kifuani, lakini maporomoko yenyewe hamna. Wanasema pale maji hushuka mita 57 hivi. Siku ile mtu angeniambia ni 5 nisingekuwa na ushahidi wa kumpinga. Kwenye boti kila abiria hupewa koti la plastiki, jekundu upande wa Kanada, bluu upande wa Marekani, na sisi na wenzetu wa ng'ambo tukawa tunapungiana mikono ndani ya mvuke kama nyanya na biringanya zilizofungwa kwenye mifuko. Koti lile halizuii maji. Linakuchagulia tu yaingilie wapi. Mimi yaliingilia shingoni.

Ili fedha yangu isipotee bure, nikaanza kumpa mama historia. Nikamwambia mwaka 1901 mwanamke mmoja, Annie Edson Taylor, alishuka maporomoko haya ndani ya pipa siku aliyotimiza miaka 63, akatoka hai.

"Alikuwa na kazi gani?"

"Mwalimu, mama. Alikuwa anatafuta pesa."

Akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. "Mishahara ya walimu jamani."

Nikamwambia pia kwamba tangu mkataba wa 1950 kati ya nchi hizi mbili, usiku sehemu kubwa ya maji huchepushwa kwenda kuzalisha umeme, hivyo maporomoko hupungua watalii wakilala. Hapo ndipo uso wake ulichangamka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Kumbe na huku kuna mgao!"

Tulirudi kwenye maegesho tukitetemeka. Watoto wakawa hoi, ikaamuliwa shemeji awarudishe nyumbani na mama yao, mimi nimpeleke mama kwenye mashamba ya zabibu kule Niagara-on-the-Lake. Nikawasha gari ili mama apate joto. Gari langu ni la kubonyeza kitufe, ufunguo unakaa mfukoni. Nikavua jaketi lililolowa chapachapa, nikalitupa kwenye buti la shemeji juu ya soksi za watoto, tukaagana.

Tulipoondoka tu, dashibodi ikaanza kulia. Ti-ti-ti.

"Baba, gari lako linalia."

"Ni mvua mama, imeingia kwenye sensa." Sensa ipi, sijui. Lakini mbele ya mama mkwe ni lazima ujue.

Tukafuata barabara ya kando ya mto, mama akinikumbusha kilio cha gari kila baada ya kilomita mbili tatu, mpaka tukaingia kwenye shamba moja lenye mizabibu iliyonyooshwa mistari kama gwaride. Nikazima gari.

Ndani, kijana mwenye ndevu akatumiminia mvinyo kiasi cha kufunika kitako cha glasi. Mama akaitazama ile glasi. "Hii ni ya kuisuuza?" Nikamweleza ni ya kuonja. Akaisogeza mbele ya kijana, akakunja mikono, akasubiri. Kwetu Uchagani anayekukaribisha pombe huonja kwanza, ndipo akupe wewe. Kijana atayajulia wapi? Nikatafsiri. Akajibu kwa adabu kwamba haruhusiwi kunywa akiwa kazini.

"Basi kuna kitu anakijua," alisema mama.

Ikabidi nionje mimi, tone la kulowesha ulimi, kisha nisimame pale nikaguliwe kama nakufa. Nilipopona, akanywa. Ilikuwa ile inayotengenezwa kwa zabibu zilizoachwa shambani mpaka zigande, nyuzi 8 chini ya sifuri au zaidi, ndiyo maana chupa yake ni nyembamba na bei yake ni nene. Mama akalamba midomo. "Dawa ya kikohozi ya watoto." Akaomba nyingine. Akanunua na chupa, kwa kadi yangu.

Tukarudi garini. Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena. Kioo kikaandika kwamba ufunguo haupo. Nikapapasa mifuko yote ya suruali, na nilipofika mfuko wa mwisho nikaliona jaketi langu kwa macho ya moyo, limelala kwenye buti juu ya soksi, likielekea nyumbani.

"Si nilikwambia linalia?"

Nilipompigia mke wangu walikuwa wameshapita Burlington, mji ulio njiani kurudi nyumbani. Kilichosemwa kwenye simu hakiandikiki.

Tukarudi ndani kusubiri. Kijana akaleta viti, na mama akaona afadhali amfundishe mbege: ndizi mbivu, kimea cha ulezi, na uvumilivu. Neno ulezi kwa Kiingereza lilinitoa jasho. Kijana akauliza mbege hukaa muda gani. Siku mbili tatu inaanza kuwa siki, nikatafsiri. Yeye akaonyesha chupa ukutani, akasema ile ina miaka kumi.

"Miaka kumi?" Mama alimwonea huruma kama yule mwalimu. "Kwani hawapati wageni?"

Shemeji alifika giza linaingia. Mke wangu alinikabidhi jaketi bila neno, kwa vidole viwili. Nikamfungulia mama mlango. Akabaki kibarazani, chupa kwapani.

"Onja kwanza," alisema.

Nikaingia, nikabonyeza, gari likawaka. Akaniashiria nilizime. Nikazima. Niwashe tena. Nikawasha.

"Limewaka, mama."

"Nimeliona," alisema, akafungua mwavuli wake, akaenda kupanda gari la shemeji.