Mau Tunaipita Gizani

Huku Leeds, Uingereza, mtu akisema anapenda treni hakuna anayemshangaa. Kila Jumamosi utawaona wazee waliostaafu wamejipanga mwisho wa jukwaa, chupa ya chai miguuni, daftari mkononi, wakiandika namba za vichwa vya treni vinavyoingia na kutoka. Abiria wanawapita tu. Nyumbani nikitangaza kwamba nitakwenda Kisumu kwa treni, ndugu zangu wananiuliza kwa upole kama nimefutwa kazi.

Nimekaa huku muda wa kutosha na msimamo wangu ni huu: Waingereza wanaipenda reli kutushinda, lakini wenye shida nayo zaidi ni sisi. Na reli tunayoihitaji magharibi mwa Kenya imeshajengwa, tangu 1901. Inachokosa ni treni ya kupita juu yake kila siku.

Mimi ni mtoto wa reli. Nilizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli Nakuru, baba akiwa gadi, yule wa behewa la mwisho mwenye bendera na taa. Desemba ikifika tulifunga virago kwenda kwetu Luanda: usiku kucha mpaka Kisumu, kisha treni ya Butere. Molo watu walifunga madirisha kwa baridi, na bado kulikuwa na akina mama nje, wamejifunika leso mbili mbili, wakiinua vikapu vya karoti na viazi hadi usawa wa dirisha. Muhoroni mashati yalivuliwa na miwa ikaanza kuingia ndani, imekatwa vipande, imefungwa mafungu. Ndani ya usiku mmoja unatoka kwenye sweta unaingia kwenye mbu.

Sasa njoo huku. Kutoka Leeds kuna njia inayopita Settle hadi Carlisle, ikikata milima mitupu yenye kondoo kuliko watu. Miaka ya 1980 serikali ilitaka kuifunga, ikidai daraja la Ribblehead, lile la matao 24, lingekula pesa nyingi mno kulikarabati. Watu wakakataa. Wakaandika barua, wakatia saini, hata mbwa mmoja aitwaye Ruswarp akawekewa alama ya unyayo kwenye orodha ya wapinzani, kwa hoja kwamba naye alikuwa abiria mwenye tiketi. Mwaka 1989 serikali ikanyoosha mikono. Leo huyo mbwa ana sanamu yake katika stesheni ya Garsdale. Sitanii.

Kuna pia kijinjia kifupi cha Keighley, karibu na kwangu, kinachoendeshwa na watu wa kujitolea tangu 1968. Watu wazima, wengine mawakili, wanalipa ada ya uanachama ili waruhusiwe kuzoa majivu ya injini ya makaa. Nilipomsimulia baba kwa simu alinyamaza kidogo, halafu akauliza, “Na pensheni wanapata?”

Lakini tusiwapake mafuta kupita kiasi. Waingereza hawa hawa, kufuatia ripoti ya 1963, walifuta maelfu ya kilomita za reli na stesheni chungu nzima, vijiji vikabaki na majengo mazuri yasiyo na treni. Mapenzi mengi ninayoyaona leo yana harufu ya majuto. Na nauli? Kiti kile kile cha kwenda London kinaweza kuwa na bei tatu tofauti kulingana na saa uliyokata, na kuna siku bei hiyo ingekutoa Nakuru mpaka Kisumu na kukurudisha, ukabaki na ya samaki.

Treni ya abiria kati ya Nairobi na Kisumu ilifufuliwa Desemba 2021, baada ya kulala takriban miaka kumi. Ilitoka Nairobi Ijumaa jioni, ikarudi Jumapili jioni. Mwaka uliofuata nilikuja likizo nikaipanda, na kwa mtu wa aina yangu ratiba ile ilikuwa adhabu. Giza lilitukuta kabla ya kuteremka Bonde la Ufa. Naivasha sikuiona. Nakuru tuliingia usiku wa manane, nikachungulia upande wa nyumba tulizokulia nikaona taa tu. Halafu Njoro, Elburgon, Molo, ule mpando wote wa milima ya Mau, sehemu ambayo Mzungu angeiuzia tiketi ya kitalii, tuliupita kama tunatorosha mali ya wizi.

Nikausikiliza basi. Injini inahema kwa muda mrefu, magurudumu yanalia kwenye kona, taa za behewa zinafifia na kurudi. Ukifika kileleni hauhitaji kibao. Injini inanyamaza, mabehewa yanasukumana kidogo, kisha breki zinashika, na harufu ya chuma kilichopata moto inaingia dirishani. Kutoka hapo ni kushuka zaidi ya mita elfu moja mpaka ziwani.

Mbele yangu aliketi mama mmoja na godoro lililokunjwa, limefungwa kamba. Akaniona nimetoa kichwa nje, simu mkononi, napiga picha mabehewa yakizunguka kona kwa mwanga wa taa zake yenyewe.

“Kijana, umeangusha kitu?”

“Hapana mama. Naangalia reli tu.”

“Reli ina nini?”

Nikamweleza. Akasikiliza kwa adabu, kama mtu anavyomsikiliza mlevi asiye na fujo. Kisha akanipa sababu yake ya kupanda treni: “Watu wa matatu wangelilipisha hili godoro kama mtu.” Akarudi kulala. Msidhani behewa zima lilikuwa gumzo na ukarimu kama tunavyopenda kuwasimulia Wazungu. Watu walikoroma.

Tulichelewa, na si kidogo. Huku Uingereza treni ikichelewa robo saa naweza kudai sehemu ya nauli, na nadai, sina haya. Lakini asubuhi ile kuchelewa kulinipa nilichonyimwa na ratiba: kulipambazuka tukiwa bado Muhoroni. Milima ya Nandi ikajitokeza upande wa kulia, miwa ikafunguka pande zote, trekta zikiwa zimeshaanza kuvuta matela. Tukaipita Miwani, na kiwanda chake kilichokufa, kisha Kibos, na ziwa. Mama wa godoro alipoamka akatazama nje, akasema tungefika zamani kama si uzembe wa watu. Yeye ndiye aliyekuwa na haki. Mimi nilikuwa likizo.

Marafiki zangu wa Nakuru hunijibu kwamba reli ile ni chuma cha mkoloni, nyembamba, ya pole pole, tungoje SGR, ile reli mpya pana. SGR ilifika Suswa mwaka 2019, na tangu hapo kila msimu wa kampeni inafika Kisumu kwa mdomo. Ije, sina ugomvi nayo. Ila hoja ya wembamba siikubali. Uswisi wana reli ya Bernina, upana wake mita moja kamili kama yetu, inapanda mpaka mita 2,253 kwenye theluji, na treni zinapita kila siku mwaka mzima. Mau Summit, kilele cha reli yetu, ipo zaidi ya mita 2,500. Kilele cha ile njia ya Settle, kile wanachokiandikia vitabu na kukichapisha kwenye vikombe, ni mita 356; kwetu hata Kisumu, chini kabisa ukingoni mwa ziwa, ipo juu zaidi ya hapo. Wahandisi wetu na madereva wetu wanaendesha njia inayopanda juu kuliko zote hizo, na mwaka ule nilipoipanda tuliwapa kazi ya kubeba abiria mara moja kwa wiki, usiku.

Na sambamba nao kuna barabara. Anayesafiri upande ule anajua majina ya ajali: Salgaa, Sachangwan. Juni 2023, kwenye makutano ya Londiani, lori lilivamia magari na wachuuzi waliokuwa kando ya barabara, wakafa watu zaidi ya 50. Reli inapita Londiani hiyo hiyo. Huku, ajali kama ile ingefuatwa na tume, na tume ingeuliza kwa nini abiria na mizigo mingi hivyo vimesukumiwa kwenye lami wakati reli imelala pembeni. Kwetu niliona matuta yakijadiliwa.

Ningekuwa na sauti, ningeomba jambo dogo. Treni moja ya mchana, itoke Nakuru saa mbili asubuhi, isimame Njoro, Elburgon, Molo, Londiani, Fort Ternan, Muhoroni, Chemelil, Kibigori, na nyingine ianze Kisumu saa hiyo hiyo zipishane njiani. Kila siku, hata Jumatatu ya mvua ikiwa na abiria ishirini, maana watu hawaachi matatu kwa ajili ya kitu wasichojua kama kitakuja. Nauli isiizidi ya matatu na godoro lisihesabiwe. Sisi wa kupiga picha kona tutachukua viti vya dirishani upande wa kulia, na tukitakiwa kuvilipia zaidi, tutalipa.