Tarehe 2 Desemba Nafungua Baruapepe kwa Jicho Moja

Jamani, nijibuni kwanza. Mtu akikwambia "nina nia ya dhati na wewe", na wala hukumuuliza, utalala?

Mimi silali. Mwezi uliopita chuo ninachokishangilia huku Marekani (jina nalihifadhi, binti yangu anasoma palepale na ada sijaimaliza) kilitutumia barua mashabiki wote. Aya nne. Neno "dhamira" limo mara sita, nimelizungushia kalamu nyekundu. Chuo kina dhamira na timu yake ya futiboli. Dhamira ya dhati. Dhamira endelevu. Dhamira isiyoyumba. Sasa nani kasema inayumba? Umelala zako, mtu anakugongea mlango saa nane za usiku kukwambia nyumba yako haiungui. Utarudi kulala wewe, au utatoka nje kunusa moshi?

Mliobaki nyumbani niwaeleze kidogo. Futiboli ya Kimarekani siyo mpira wetu. Huu wanacheza majitu yenye kofia ngumu na mabega ya bandia, mpira wenyewe umechongoka huku na huku kama papai changa, na mguu unaugusa kwa bahati tu. Robo nne za dakika 15, piga hesabu ni saa moja. Nenda uwanjani uone kama utarudi kabla ya saa tatu na nusu kupita. Saa yao inasimamishwa kwa kila kitu, mtu akipiga chafya inasimama, halafu televisheni nayo inataka matangazo yake.

Nilipompigia kaka yangu Tanga kumweleza kwamba sipati usingizi kwa sababu ya timu ya chuo, alicheka mpaka salio likakata. Akanunua lingine, akapiga yeye. "Yaani mdogo wangu umevuka bahari kwenda kushabikia UMISSETA, michezo ya watoto wa sekondari?"

Nikamwambia kaka, tulia. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan unaingiza watu 107,601. Wamekaa. Ujaze Uwanja wa Mkapa, 60,000, kila kiti kina mtu, halafu waje wengine 47,000 wawakalie mapajani, ndiyo umeanza kuelewa. Akanyamaza kidogo, akauliza: "Na huko kwenu wewe wanaingia wangapi?"

Nikamwambia mtandao unasumbua.

Maana sisi siyo Michigan. Sisi ni watu wa mahindi kushoto, mahindi kulia, katikati chuo. Ubao wetu wa matokeo una taa zilizokufa, namba nane inasomeka tatu, kwa hiyo kuna siku tumefungwa 38 tukarudi nyumbani na nafuu ya 33. Nilivutwa na jirani yangu, mzee mmoja Mmarekani mstaafu, miaka tisa iliyopita. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku kuendesha foklifti, akaniita kwenye maegesho ya uwanja wanakochoma nyama tangu asubuhi. Nikafuata nyama. Wallahi sikufuata mpira. Nyama ikaisha, ndoano ikabaki kooni.

Na mimi kwa mateso ni fundi mkongwe. Mimi ni mtu wa Msimbazi, zile tano za Novemba 2023 nilizimeza zote kwa simu, bila maji, nikiwa kazini. Lakini Simba ikifungwa tano, hata siku moja sijawaza kwamba kesho yake nitaamka nikute hakuna Simba. Huku timu inaweza kufutwa. Anakaa rais wa chuo na kamati yake, wanakunywa kahawa, wanafuta.

Mnadhani nazua? Yule mzee jirani, badala ya kunifariji, ndiye aliyenipa historia. Akaniambia, kijana (nina miaka 47, lakini kwake kijana), unajua Chuo Kikuu cha Chicago? Nikasema nakijua, cha wachumi. Akasema hicho, zamani, kilikuwa tishio la futiboli. Mwaka 1935 tuzo ya Heisman, ile kubwa kuliko zote kwa mchezaji wa chuo, ilipotolewa mara ya kwanza kabisa, aliichukua mchezaji wao, Jay Berwanger. Mwaka 1935! Mwaka uleule watani zetu wa Jangwani, Yanga, wanazaliwa. Sasa ninyi hesabuni: wale wa Jangwani wapo mpaka leo wanatusumbua. Chicago, mwaka 1939, rais wa chuo, Robert Maynard Hutchins, akaona futiboli inawapotezea watu akili, akaifuta. Miaka minne baada ya Heisman!

Na subirini, haijaisha. Uwanja ukabaki hauna kazi. Tarehe 2 Desemba 1942, chini ya majukwaa yaleyale ya mashabiki, kina Enrico Fermi, mwanafizikia, wakawasha tanuri la kwanza la nyuklia duniani. Mnaelewa ninachosema? Walioondoa mpira hawakuweka hata bustani. Waliona heri atomu.

Mke wangu nilipomsimulia hili, akiwa anamenya viazi, alisema: "Basi hao walijua kupanga." Sikumjibu. Mtu wa viazi hawezi kuelewa msiba.

Unaweza kusema hayo ya kale. Haya, chukua Chuo Kikuu cha Alabama kilichoko Birmingham, UAB. Timu imemaliza msimu wa 2014 imeshinda sita imefungwa sita, kwa wengine hivyo ni vibaya, kwangu mimi ni pepo. Tarehe 2 Desemba 2014, rais wa chuo akatangaza: futiboli basi, hesabu hazikai. Tarehe 2 Desemba! Ileile ya atomu! Mimi siyo mtu wa ramli, lakini tangu nijue hilo, ikifika siku hiyo nafungua baruapepe kwa jicho moja, lingine nimelifumba kama mtu anayechomwa sindano.

Birmingham walikuwa na bahati, mashabiki wao walikuja juu, wenye pesa wakachanga, na mnamo Juni 2015 chuo kikameza maneno yake. Misimu miwili hakuna mechi. Kocha Bill Clark akabaki na timu isiyocheza, kama mpishi wa harusi iliyoahirishwa, amekaa na masufuria. Wakarudi 2017, wakashinda nane, na 2018 wakatwaa ubingwa wa ligi yao. Hadithi nzuri sana. Lakini iliwezekana kwa sababu Birmingham ina watu wenye pesa. Sisi mashabiki tunaojulikana kwa majina ni mimi, yule mzee, na bwana mmoja anayekuja na mbwa.

Na pesa ndiyo penyewe. Tangu tarehe 1 Julai 2025, kwa makubaliano yaliyopitishwa mahakamani, chuo kinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja, mwaka wa kwanza mpaka dola milioni 20.5. Sikiliza neno hilo: kinaruhusiwa. Hakilazimishwi. Hapo ndipo dhamira inapopimwa. Barua yetu inasema chuo "kitashiriki kwa kiwango kinachofaa". Ndugu zangu, nimekaa kwenye vikao vya posa visivyopungua kumi. Bwana harusi akisema ataleta mahari "kiasi kinachofaa", wazee wa kike wanaanza kukusanya vikombe.

Wachezaji wenyewe nao wameshaona. Zamani kijana akihama chuo anakaa nje msimu mzima, anajifikiria mara mbili. Siku hizi anahama na msimu unaofuata anakucheka ukiwa jukwaani. Agosti nilinunua jezi ya kijana wetu arushaye mpira, wanamwita kwotabeki, dola 90, na mama watoto nilimwambia ni 25. Kijana ana mkono huyo! Anarusha papai linatua kifuani kwa mwenzake kama barua ya mapenzi. Januari akaaga. Ameandika ukurasa mzima wa shukrani kwa Mungu, kwa makocha, kwa "familia hii ambayo daima itakuwa moyoni". Siku mbili baadaye yuko moyoni mwa watu wengine. Jezi sasa anavaa mke wangu akipaka rangi nyumba. Kwa dola 25 hakuona hasara.

Nikitaka kujua dhamira inafananaje, naangalia chuo cha Texas A&M. Novemba 2023 walimtoa kocha wao Jimbo Fisher, wakakubali kumlipa zaidi ya dola milioni 75 kwa sababu mkataba ulikuwa bado. Milioni 75 mtu asifundishe! Watu walisema ni wazimu. Mimi machozi yalinilenga. Hiyo ndiyo nyumba inayojua kupenda. Wa kwetu tunamlipa afundishe na bado hafundishi, na kumpa thenkyu hatuwezi, nauli ya kumrudisha kwao inatushinda.

Halafu tunachangishwa. Jamani, ninyi mnaolalamika kuhusu kamati za harusi Dar, njooni huku. Kule angalau ukilipa mchango unapata kadi, ya mtu mmoja au ya wawili, unakwenda ukumbini unakula. Huku unatoa kwanza mchango ili upewe haki ya kununua tiketi. Umesikia? Haki. Ukishapata haki, unanunua tiketi. Ukishapata tiketi, unalipia maegesho. Ukishaegesha, unanunua bisi kwa bei ya kuku mzima. Na nikirudi nyumbani nafungua ankara ya ada ya binti, katikati ya mistari kuna moja imejikunyata: ada ya michezo. Kwa hiyo mwana anachangia, baba anachangia, na mechi tunafungwa.

Binti mwenyewe hajawahi kukanyaga uwanjani. Anasoma uuguzi mwaka wa tatu. Nilipomsomea barua ya dhamira kwa sauti, kwa hisia, alisema, "Lakini baba, wakiifuta si ada itapungua?"

Nilikaa kimya muda mrefu. Sikuwa nimelifikiria hilo. Kisha nikamwambia mwanangu, kula.

Basi nikaanza upelelezi wangu. Jumamosi napita uwanjani kutafuta dalili. Nyasi zimekatwa? Zimekatwa, lakini upande wa runinga tu. Kiti changu namba 14 kimeshikwa kwa gundi ya karatasi tangu msimu wa juzi. Jengo jipya la biolojia upande wa pili wa barabara limefika ghorofa ya nne, lina vioo, lina lifti. Nikamuuliza mlinzi, vipi bwana, uwanja wetu watautengeneza lini? Akasema kuna kamati. Nikahisi joto la nyumbani. Kamati! Nimevuka bahari mbili nimekutana na mchakato.

Kinachonikera kuliko yote hatuna hata msemaji. Simba ikilala, Yanga ikilala, asubuhi msemaji yuko redioni anakuthibitishia kwamba ulichokiona sicho. Unatoka umepona. Hapa tukifungwa 41 kwa 6, inakuja taarifa ya sentensi moja: "Tutajifunza kutokana na hili." Miaka tisa tunajifunza. Chuo chenyewe kinatoa digrii kwa miaka minne.

Na msinichukulie kama mtu asiye na matumaini. Niliona kwa macho yangu kwenye televisheni, Oktoba 2024, chuo cha Vanderbilt, wanyonge wa kudumu, wakiwafunga Alabama (siyo wale wa Birmingham, wale wakubwa) waliokuwa namba moja, 40 kwa 35. Mashabiki wakaingia uwanjani, wakang'oa nguzo za goli, wakazibeba katikati ya mji wa Nashville mpaka mtoni, wakazitupa Cumberland. Nilisimama sebuleni nikipiga makofi. Mke wangu akauliza nani kashinda. Nikasema hatuwajui. Nguzo zetu sisi nimezikagua, zinang'oleka kirahisi tu, kutu imeshafanya nusu ya kazi. Hatujapata sababu.

Sasa tufike tarehe 2 Desemba yenyewe. Nimeamka, sijagusa simu. Nimesali. Nimekunywa chai. Saa tatu na dakika kumi simu ikatetemeka juu ya meza. Kutoka idara ya michezo. Kichwa cha habari: "Taarifa muhimu kwa familia yetu."

Familia. Wakishakuita familia ujue kuna jeneza.

Nikafumba jicho la kulia. Nikamwita mke wangu aje asimame karibu. Dari ya bafuni inavuja tangu Pasaka, alikuwa ameshika ndoo, akaja nayo. Nikafungua. Nikasoma mstari wa kwanza, wa pili, nikaruka ule wa dhamira, nikafika penyewe: kuanzia msimu ujao, maegesho yanapanda kutoka dola 30 kwa mechi hadi 45, na ule mchango wa haki ya tiketi unaongezeka kwa robo.

Nilipiga kelele ya furaha mpaka jirani akachungulia dirishani. Nikamwonyesha dole gumba, naye akanionyesha lake, ameshaisoma, ana machozi. Maana fikirini wenyewe: nani anapandisha bei ya maegesho ya maiti? Hawatufuti! Mwaka mwingine tena! Nimemkumbatia mke wangu, na ndoo yake.

"Wamekupandishia bei," akasema polepole, kama anaongea na mgonjwa, "na unashangilia?"

"Mama watoto, hiyo ndiyo dhamira yenyewe."

Akaiangalia dari, akaniangalia mimi, akaweka ndoo sakafuni katikati yetu.

"Na fundi wa dari anakuja lini?"

Nikamwambia kuna kamati.