Si mapafu, ni vibao

Waswisi hawatuzidi mapafu wala miguu. Wanachotuzidi kwenye milima ni vibao vya kuonyesha njia.

Julai dada yangu na shemeji wanakuja huku Uswisi na watoto kutoka Dodoma, nami nimewapangia siku nzima kando ya Aletsch, mto wa barafu ulio mrefu kuliko yote ya Alpi, kama kilomita 20. Gari la nyaya litatupandisha hadi Bettmerhorn, mita 2,647. Dodoma mjini ni kama mita 1,100, kwa hiyo shemeji asishangae pumzi ikimpiga chenga. Tutafuata ubavu wa mlima, barafu ikiwa bondeni kushoto, hadi ziwa la Märjelen, halafu tupite tuneli ya karibu kilomita moja na kutokea Fiescheralp. Barafu yenyewe hatuikanyagi. Ina nyufa ambazo theluji huzificha, na bila kiongozi mwenye kamba sipeleki mtoto wa mtu huko.

Mpango wote nimeufanyia mezani. Kibao cha njano kinakupa saa za kutembea. Saa hizo hazihesabu mapumziko, hivyo kwa watoto naongeza nusu yake, kisha nahesabu kurudi nyuma kuanzia gari la mwisho la kushuka. Rangi nyeupe-nyekundu-nyeupe kwenye jiwe maana yake ni njia ya mlimani: viatu vigumu, sandozi zibaki nyumbani. Makoti tunabeba hata jua likiwaka, na tuwe tumetembea sehemu kubwa kabla ya radi za alasiri. Chapati nitapika mimi. Jibini lao nalila, lakini si mchana kutwa.

Hata njia iliyofungwa inatangazwa. Aletsch umerudi nyuma zaidi ya kilomita 3 tangu karne ya 19, na barafu ilivyopungua, mlima upande wa Moosfluh ukakosa cha kuuegemea. Mwaka 2016 ardhi ilianza kuporomoka kwa kasi, na baadhi ya njia zikafungwa.

Sasa turudi kwetu. Aletsch iliingia orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingia 2006, orodha ileile. Lakini waulize watoto wa Nkuhungu au Area C, mitaa ya Dodoma, ni wangapi wamepelekwa na wazazi wao Kolo, kwenye michoro hiyo. Ukifika unaanzia ofisi ya mambo ya kale, unapewa mtu wa kukuongoza, na huyo kwa kweli anakishinda kibao chochote, kwa sababu anakusimulia pia matambiko yanayofanyika pale mpaka leo. Kibao kina faida nyingine: familia inaamka Jumapili, inaamua, inaondoka.

Mama yangu bado anauliza kwenye simu tunafuata nini huko juu kama hatuna mbuzi aliyepotea. Haki yake. Kilima kisicho na njia iliyochorwa ni cha wachungaji na wakata kuni, na mwenye kukipanda bure lazima ajieleze.

Mimi ningeanza na kilima kimoja tu, kati ya vile vinavyouzunguka mji wa Dodoma: rangi kwenye mawe, saa kwenye ubao, banda la kivuli kileleni. Dada anasema rangi atanunua yeye. Kilichobaki ni kujua kibali kinaombwa ofisi gani.