Anayeuguza Naye Ahesabiwe

Kila nikisema mdogo wangu, mgonjwa wa figo, anauguzwa Mbeya, Watanzania wenzangu wa huku Ujerumani huniuliza: mbona hamumpeleki India? Wanauliza kwa upendo, na zamani ushauri huo ulikuwa na maana. Lakini Muhimbili wanapandikiza figo tangu 2017, Hospitali ya Benjamin Mkapa kule Dodoma tangu 2018, na kusafisha damu kunafanyika hapo hapo Mbeya mjini. Linaloninyima usingizi mimi ni hali ya dada yetu.

Mgonjwa kama yeye hukaa kwenye mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, kila mara kwa muda wa saa nne hivi. Kwetu ni Rungwe, na kutoka Tukuyu mpaka Mbeya mjini ni kama kilomita 70 za milima na ukungu. Mtu anayeshuka kitandani kwa kushikwa mkono huwezi kumpandisha basi kila mara. Tukapanga chumba Mabatini. Dada akaiacha chai yake shambani, watoto akawaacha kwa mama mkwe, akahamia mjini na mgonjwa.

Nilipokwenda kumwona mdogo wangu ndipo nikaiona kazi yenyewe. Watu wetu hawaendi kwa mgonjwa mikono mitupu. Wanashuka kwenye Coaster na mkungu wa ndizi, parachichi, viazi, maziwa, vyote vya shambani kwao. Na karibu vyote vina potasiamu nyingi, ambayo figo zilizochoka haziwezi kuitoa, na ikizidi kwenye damu inaweza kusimamisha moyo. Dada anapiga goti, anapokea kwa mikono miwili, anasema "ndaga fijo", anapeleka nyuma. Wageni wakishaondoka, majirani wanagawiwa. Viazi anavimenya, anavikata vidogo vidogo, anachemsha, anamwaga maji yote, anatia mengine, anachemsha tena, na vipande vichache tu ndivyo vinafika kwenye sahani. Maji ya kunywa anayapima kwa kikombe cha plastiki alichokichora mstari kwa kalamu, maana yakizidi yanajaa mwilini. Mdogo wangu anashinda na kiu, na hasira zake zote zinamwishia dada.

Kazi hiyo hiyo mimi huku nalipwa. Niko kwenye nyumba ya wazee: naogesha, nalisha, napima maji, mwisho wa mwezi mshahara unaingia. Hata Mjerumani anayemuuguza mzazi wake nyumbani hakusahauliwa. Tangu 1995 wana bima ya uuguzi. Mgonjwa hupewa fedha anazoweza kumpa ndugu anayemhudumia, na ndugu huyo akitimiza masharti, bima humchangia pensheni.

Lakini huku nimeona pia wazee ambao watoto wao wako mji huo huo, na siku ya kuzaliwa maua yanaletwa na dereva wa duka. Chumba cha Mabatini hakikosi mtu. Nilikuwepo kinamama wa ushirika wetu wa kanisani walipokuja, wakajaa kitandani, mkekani, mpaka mlangoni. Waliimba taratibu kwa sababu mgonjwa alikuwa ametoka kwenye mashine siku hiyo. Ubeti wa pili mdogo wangu akaingia na sauti yake ya tatu, akiwa amelala vile vile. Wakaomba, wakaacha bahasha na sabuni.

Sisi ni Wamoraviani. Injili ililetwa Rungwe mwaka 1891 na wamisionari waliotumwa kutoka Herrnhut, mji ambao hauko mbali na ninapoishi. Huko ndiko neno la kila siku, yaani mstari wa Biblia wa siku hiyo, huokotwa kwa kura mpaka leo, na kitabu chake cha kwanza kilichapwa kwa ajili ya mwaka 1731. Asubuhi mimi nalisoma kwa Kijerumani, dada anamsomea mdogo wetu kwa Kiswahili, mstari ule ule. Akipiga simu, mstari kwanza, habari za damu baadaye. Naamini kwa moyo wangu wote kwamba haya yanamshikilia mdogo wangu kama mashine inavyomshikilia.

Ila wako wanaosema anayeuguza ndugu yake malipo yake yako kwa Mungu, kisha wanafunga mjadala. Mungu atamlipa, sina shaka. Sisi je? Nilipopitia orodha ya michango ya ukoo nilikuta dawa, vipimo, kodi, nauli ya mgonjwa. Dada hayumo. Chai isipochumwa kwa wakati inakomaa, kiwanda hakiichukui, na hakuna aliyeiandika hasara hiyo. Hata vocha ya kutupigia sisi tulio nje anajinunulia.

Ndugu zangu mnaotuma fedha nyumbani, ulizeni nani yuko na mgonjwa usiku, na shamba au genge lake amemwachia nani. Kwetu tumekubaliana fungu la kwanza kila mwezi ni la dada, linaingia kwenye simu yake mwenyewe, na hakuna wa kumwuliza amelifanyia nini. Kijana wa kumchumia chai analipwa na sisi. Wazee wa ushirika nao tumewaomba kinamama wawili wawili washike zamu mwisho wa wiki, dada awafundishe mambo ya viazi na kikombe, kisha apande basi akawaone watoto wake. Wamekubali. Na wageni wa kutoka nyumbani tumewaambia wazi: mkitaka kubeba kitu, leteni mchele wa Kyela na mayai.